Mbiu Isiyopigwa Kwihara

Watu wa nyumba ya Luhende hawakuwa watu wa kusema ovyo. Hilo lieleweke mapema, maana mengi yalisemwa baadaye na wale wasiokuwa na shamba la kupalilia. Babu yao alikuwa kirangozi. Alitangulia misafara kutoka Unyanyembe hadi pwani, pembe ya palahala begani, na alipotangaza kwamba mbele kuna maji, wapagazi walimwaga yaliyosalia vibuyuni mwao ili wapunguze mzigo. Hakuna aliyekufa kwa kiu kwa ajili ya neno lake. Waliokufa kwa ndui na kwa kuhara walikuwapo, tena wengi, lakini ndui hakuitangaza yeye.

Misafara ikaisha, gari moshi likaja, Wajerumani wakaja wakaenda, Waingereza wakaja wakakaa. Pembe ikabaki. Ikatoka kwa kirangozi ikaenda kwa Luhende, na kutoka kwa Luhende ikaenda kwa mwanawe Anselm, ambaye ndiye mwenye habari hii. Anselm Luhende alilima karanga na mihogo, alitundika mizinga ya nyuki msituni, alikwenda misa kila Jumapili, na alikuwa mpiga mbiu wa kijiji cha Kwihara. Kazi hiyo haikuwa na mshahara. Ilikuwa na heshima, na paja la kila ng'ombe aliyechinjwa kwenye sherehe, na mkewe Getruda alikuwa na maoni yake kuhusu kipi kati ya hivyo viwili kilishibisha zaidi.

Mbiu ilikuwa na miiko yake. Anayeipiga haongezi neno wala hapunguzi. Na mtu akifariki, wa kwanza kupewa habari si padri wala ndugu wa mbali, ni mpiga mbiu, ili aiweke pembe chini. Kwa maana pembe hailii Kwihara wakati maiti bado iko juu ya ardhi. Ikilia, walisema wazee, marehemu atadhani msafara unaondoka, atainuka aufuate. Baada ya mazishi ndipo inapigwa, na mpiga mbiu hutaja jina la marehemu, saa alipokata roho na saa alipozikwa. Padri alilijua jambo hilo akanyamaza. Padri naye alikuwa na kengele yake.

Ndipo ukaja mwaka wa hamsini na saba na mafua makubwa. Yalipanda gari moshi huko pwani, yakateremka stesheni ya Tabora kama abiria mwenye tiketi. Hayakuwa mafua ya kupenga kamasi ukaendelea na jembe. Yalilaza nyumba nzima kwa mara moja, na wazee yaliwachukua moja kwa moja. Serikali ikashtuka, ikaanza kutoa amri. Amri zilitoka mjini kwa baiskeli ya tarishi mmoja aitwaye Yoramu, Mmoraviani wa Sikonge, mtu mzima mwenye adabu nyingi na breki mbovu.

Amri ya kwanza ilifunga soko. Anselm akapiga mbiu, soko likafungwa. Haikupita wiki, amri ikasema soko lifunguliwe ila watu wasishikane mikono. Anselm akapiga mbiu. Sasa, kusalimiana kwa Mnyamwezi si jambo la kupita njia. Mkono hushikwa, nyumba ikaulizwa, mashamba yakaulizwa, mifugo ikaulizwa, na mkono bado umeshikwa. Watu wakawa wanasimama mbalimbali, mikono nyuma kama wafungwa, wakiulizana habari za mbuzi. Kisha ikaja amri kwamba pombe isinywewe vilabuni. Halafu kwamba inywewe, lakini kila mtu na kikombe chake. Halafu kwamba isinywewe kabisa. Kanisani iliruhusiwa kusali bila kuimba, baadaye kuimba kwa sauti ya chini, amri iliyowaudhi wanakwaya na kuwafariji wengine wote. Mazishi yalipewa watu kumi. Na nyumba iliyofiwa na mtu wa homa ilifungwa wiki nzima: asitoke mtu, asiingie mtu.

Kila amri Anselm aliitangaza neno kwa neno, leo hivi, kesho kutwa vile. Na kwa kuwa Yoramu alileta amri akapanda baiskeli yake akaondoka, uso uliobaki kijijini ulikuwa wa Anselm.

“Mzee Anselm!” walimwita wanywaji waliokosa pa kunywea. “Leo tukohoe, au tungoje mbiu?”

“Mwacheni mzee wa watu. Ya jana keshaisahau, ya kesho hajaletewa.”

“Zamani mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ya kwake ikilia ina majambo.”

“Mimi napuliza tu,” aliwajibu, na kupita. Lakini nyumbani alisukuma sahani.

“Kula, Baba Dionis,” alisema Getruda. “Ugali hauna amri.”

“Babu yangu alisema maji yako mbele, na yalikuwapo. Mimi nasema soko limefungwa, na anayenisikiliza anatoka sokoni, kikapu kichwani.”

“Basi ungekuwa kirangozi wa siku hizi, ungewafikisha Bukene ukawaambia ndiyo Bagamoyo.”

Getruda alikuwa mwanamke mwema. Ulimi tu.

Katikati ya mambo hayo mwanangwa wa Kwihara, yaani mkuu wa kijiji, akaacha kazi kwa uzee, na ikatangazwa kwamba safari hii mwanangwa hatateuliwa. Atachaguliwa na walipa kodi wote, kila mmoja akisimama mstarini nyuma ya amtakaye. Wakajitokeza wawili. Mmoja alikuwa Wenceslaus, mkulima wa tumbaku, mume wa Imakulata, dada yake Anselm. Wenceslaus alikuwa na ng'ombe, koti la sufu alilolivaa hata jua la Oktoba, na imani kwamba uanangwa ulikuwa wake tangu tumboni, ila ulichelewa njiani. Wa pili alikuwa Abasi, mwenye duka la chumvi na kaniki, Mwislamu wa Tabora mjini aliyehamia Kwihara ujanani, mtu mpole mwenye redio. Redio hiyo ilitangaza amri za Dar es Salaam, ambazo mara nyingi hazikufanana na za Yoramu, na watu walijenga mazoea ya kusikiliza za pande zote mbili kisha kufuata iliyowafaa.

Kijiji kikapasuka katikati kama ganda la karanga. Mtu akipiga chafya, watu walitaka kujua kwanza yuko upande wa nani. Anselm moyoni alimtaka shemeji yake, maana ndugu ni ndugu. Hadharani alipima kila neno, asije mtu akasema kwamba pembe ya Luhende imelalia upande mmoja.

Kuhusu siku yenyewe amri ilikuwa fupi: watu wakusanyike, lakini asimame kila mtu pima moja na mwenzake, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Anselm akaitangaza. Abasi aliwaambia watu wake wafanye wawezavyo. Wenceslaus aliwapeleka wake shambani akawafanyisha mazoezi, pima kwa pima, kama anapanda miche ya tumbaku.

“Sisi ni watu wa sheria,” aliwaambia. “Mbiu ni ya shemeji yangu. Ikisema pima, ni pima. Asisogee mtu mpaka aisikie tena.”

Siku ya kura ilikuwa Jumamosi. Alfajiri, Anselm akiwa bado anatafuta viatu vyake, akasikia hodi. Alikuwa Imakulata. Hakutaka kuingia ndani.

“Kaka, Shangazi Pelagia ametutoka.”

Bibi Pelagia alikuwa shangazi yake Wenceslaus, ndiye aliyemlea, bibi mkongwe aliyekuwa amelala na homa.

“Lini?”

“Jogoo la kwanza. Nimekuja kwako kwanza, kama ilivyo desturi. Lakini kaka…”

“Lakini.”

“Mwenzangu anasema asijue mtu mpaka jua lizame. Nyumba ikifungwa leo, yeye hatoki, nduguze hawatoki, wapwa zake hawatoki. Kura itakuwa imekwenda.”

“Na maiti?”

“Yuko chumbani kwake. Tumefunga mlango. Wakiuliza, tunasema anakunywa uji.”

“Imakulata, wewe uliolewa na mtu au na kiti?”

“Niliolewa na mtu, kaka. Kiti kimekuja juzi.” Akafuta macho kwa pindo la khanga. “Nisitiri.”

“Nimesikia,” alisema Anselm.

Wapo wanaosema kwamba aliahidi. Hakuahidi. Alisema amesikia, na ni kweli alikuwa amesikia. Dada yake alipoondoka aliiweka pembe chini, kama ipasavyo, akakaa akiitazama. Kisha akafikiri: mpiga mbiu akionekana uwanjani bila pembe siku kama hii, ataulizwa kisa. Akaivaa begani. Kuvaa si kupiga.

Uwanja wa kura ulikuwa kando ya magofu ya tembe la Mwarabu mmoja wa enzi za misafara, lililobakiwa na ukuta mmoja mnene wa udongo. Karani aliyetoka mjini alikaa kitini chini ya mwavuli. Watu wa Abasi walisimama nyuma yake wamebanana, wakicheka, wakipeana tumbaku ya kunusa. Watu wa Wenceslaus walisimama pima kwa pima, nyuso mbele, mikono ubavuni. Ulikuwa mstari wa kupendeza. Ulianzia kwenye koti la sufu, ukapita kisima, ukazunguka pembe ya ukuta wa tembe na kupotelea kwenye mihogo.

“Mstari huu unakwenda wapi?” aliuliza karani.

“Unafuata sheria, bwana,” alisema Wenceslaus.

Jua lilikuwa utosini Yoramu alipofika, jasho linamtiririka, akaisimamisha baiskeli kwa miguu yake miwili. Alikuwa na amri mpya. Ile ya pima moja imefutwa. Watu wasimame kama zamani.

“Afadhali,” alisema karani. “Basi wasogee wote waje huku mbele ya ukuta. Nisiyemwona simhesabu. Mpiga mbiu!”

Macho yote yakamgeukia Anselm. Mkono wake ulijua kazi yake. Uliipandisha pembe hadi mdomoni kabla yeye hajafikiri. Ubaridi wake ulipogusa midomo alimwona Bibi Pelagia chumbani, nyuma ya mlango uliofungwa, anaketi kitandani, anajifunga khanga, anauliza msafara unaondoka saa ngapi.

Akaishusha.

“Nitawaambia kwa mdomo, bwana.”

“Kwa mdomo, kwa pua, ni juu yako. Fanya haraka.”

Mwingine angekimbilia mkia wa mstari wa Wenceslaus, ulio nyuma ya ukuta, maana ndio uliohitaji habari. Anselm aliona mara moja jinsi jambo hilo litakavyotazamwa: mpiga mbiu anaanza na watu wa shemeji yake! Kwa hiyo, kwa ajili ya haki, alianza na watu wa Abasi. Watu wa Abasi, waliokuwa wamebanana tangu asubuhi, walisikiliza kwa heshima amri ya kuwaruhusu wabanane. Mzee mmoja kiziwi aliomba arudiwe tangu mwanzo. Alirudiwa, mbiu haipunguzwi neno.

Wakati huo karani, ambaye alitaka kurudi mjini kabla ya mvua, alikuwa ameshaanza kuhesabu. Aliwafuata watu wa Wenceslaus mmoja baada ya mwingine kwa kidole, akafika kwenye pembe ya ukuta, asione mtu zaidi, akageuka. Akahesabu wa Abasi. Akahesabu tena, kwa kuwa walikuwa wakitikisika. Kisha akatangaza kwamba Abasi amemshinda mwenzake kwa watu wawili.

Nyuma ya ukuta walikuwa wamesimama si chini ya saba, pima kwa pima, kimya, wakingoja mbiu. Waliposikia vigelegele walitoka mmoja mmoja wakipepesa macho. Aliyetangulia alikuwa Damas, mpwa wa Wenceslaus.

“Tumeshinda?” aliuliza.

Wenceslaus alivuka uwanja, koti linapepea.

“Shemeji! Pembe ilikuwa mdomoni mwako! Kila mwenye macho ameona. Kwa nini hukuipuliza?”

Jibu la swali hilo uwanjani pale walilijua watu wachache sana, na aliyeuliza alikuwa mmoja wao. Labda hasira ilikuwa imemsahaulisha. Labda alikumbuka vizuri kabisa, na alimjua shemeji yake kuwa mtu asiyesema ovyo.

“Nimewaambia kwa mdomo,” alisema Anselm.

“Mdomo! Babu yako aliwafikisha watu pwani kwa mdomo?”

“Muulizeni Abasi amempa nini,” ikasema sauti kutoka nyuma, na sauti ya namna hiyo haina mwenyewe.

Karani akafunga mwavuli wake. Akasema malalamiko yatasikilizwa kesho baada ya misa, hapo hapo. Ikionekana kwamba mpiga mbiu alinyamaza kwa makusudi, kura itarudiwa na pembe itapewa mtu mwingine. Wenceslaus alisema anaye mtu tayari: Damas, aliyewahi kupiga tarumbeta shuleni.

Anselm alirudi nyumbani na pembe begani, na njia nzima hakuna aliyemtania. Hilo liliuma zaidi. Watu humtania wanayemwamini.

Alasiri akaja Abasi.

“Hodi! Shikamoo, Mzee Anselm.”

“Marahaba. Usiingie.”

“Nimekuja kukushukuru.”

“Ndiyo maana nasema usiingie.”

“Lakini mzee wangu, mimi sikukupa kitu!”

“Najua. Sasa ukionekana hapa, kila mtu atajua kwamba ulinipa.”

Abasi akatazama huku na huku. “Basi nikimbie?”

“Ukikimbia ni vibaya zaidi. Nenda polepole.”

Abasi akaenda polepole, akimsalimia kila aliyekutana naye, kama alivyofunzwa na mama yake, na jua lilipoelekea kuzama hapakuwa na nyumba Kwihara isiyojua alikotoka.

Bibi Pelagia alizikwa jua likizama, na watu tisa. Wa kumi angekuwa Anselm, lakini hakualikwa. Katekista aliyeombea kaburi aliambiwa kwamba bibi alifariki alasiri ile ile, ghafla, akinywa uji, wala si kwa homa, kwa hiyo nyumba haikufungwa. Kutoka kaburini Wenceslaus alikuja moja kwa moja kwa Anselm, udongo mwekundu bado viatuni.

“Shemeji,” alisema, akiketi bila kukaribishwa, “yale ya uwanjani yalikuwa siasa.”

“Nilidhani yalikuwa matusi.”

“Tusirudi huko. Kesho asubuhi utapiga mbiu ya Bibi. Useme alikata roho leo alasiri.”

“Alikata roho jogoo la kwanza.”

“Nani anajua?”

“Wewe. Dada yangu. Mimi. Na yeye.”

“Fikiri, shemeji. Ukisema jogoo la kwanza, nyumba ya dada yako itaitwa nyumba iliyomfungia maiti chumbani ikaenda kupiga kura. Mpaka wajukuu. Hicho ndicho unachokitaka?”

“Na nikisema alasiri?”

“Nitakutetea mwenyewe. Nitasema mzee amechoka, pembe apewe kijana. Habari ya Abasi kukupa kitu sitaigusa kabisa. Watu watasahau.”

“Watasahau kwamba nilihongwa?”

“Watasahau polepole.”

Getruda, aliyekuwa akisonga ugali jikoni, akatoa kichwa mlangoni. Hakuna aliyemwambia neno lolote, lakini masikio yake hayakuwa ya mapambo.

“Shemeji Wenceslaus, utakula nasi?”

“Ahsante, shemeji. Nina msiba.”

“Pole sana. Tangu lini?”

Wenceslaus akainuka akaondoka.

Hapo Anselm alibaki na jina la nyumba yake mkono huu na jina la nyumba ya dada yake mkono ule, na ubaya wa mizani hiyo ni kwamba dada naye alikuwa wa nyumba yake. Isidhaniwe kwamba alikuwa shujaa. Jumapili, akienda uwanjani baada ya misa, alikuwa amekwisha kukata shauri kusema alasiri. Imakulata alikuwa amemwomba, na pembe ni pembe tu, ilitoka kwa mnyama. Akayajaribu maneno njiani kwa sauti ya chini: alikata roho Jumamosi alasiri. Ulimi ukayatamka bila tabu yoyote, laini kama asali, na hilo ndilo lililomtisha. Alisimama njiani. Kwa muda wote wa mafua alikuwa amepuliza maneno yaliyogeuka kesho yake, lakini hakuna hata moja lililokuwa la uongo siku alipolipuliza.

Uwanjani watu walikuwa wengi kuliko siku ya kura. Karani alikuwa kitini. Wenceslaus alisimama kulia kwake, Damas nyuma yake akilamba midomo kama mpiga tarumbeta. Imakulata alikuwa kwa wanawake, kichwa chini.

“Kabla ya malalamiko,” alisema Anselm, “kuna mbiu ya msiba.”

Akapuliza. Sauti yake ilipita juu ya magofu ikaenda ikapotelea msituni, na watu wote, wale wa pima na wale wa kubanana, walinyamaza kama ilivyo desturi.

“Pelagia, shangazi yake Wenceslaus, alikata roho Jumamosi, jogoo la kwanza. Alizikwa Jumamosi, jua likizama.”

Hakuongeza neno wala hakupunguza. Alishusha pembe akatazama chini.

Watu wakaanza kuhesabu kwa vidole.

“Jogoo la kwanza?” akasema bibi mmoja wa mbele. “Basi jana mchana…”

“Jana mchana pembe isingeweza kulia,” akamalizia mwingine.

“Na mlituambia anakunywa uji!”

“Alikunywa sana, inaonekana.”

Ikaanza kicheko nyuma, kikazuiwa na mikono kwa heshima ya marehemu, kikatokea puani. Karani, ambaye alikuwa mgeni na hakuzijua desturi, ilibidi aelezwe na watu watano kwa pamoja. Alipoelewa alimgeukia Wenceslaus.

“Unaendelea na malalamiko yako, mzee?”

Wenceslaus alifunga kifungo cha koti lake, akakifungua. “Yaishe, bwana.”

Huenda mambo yangeishia hapo. Lakini kengele ya baiskeli ikasikika kutoka njia ya mjini, na Yoramu akaingia uwanjani akiburuza miguu.

“Shikamooni, wazee. Kuna amri.”

“Toa,” alisema karani, kwa uchovu.

“Nyumba zilizofiwa hazifungwi tena. Watoke, waingie, wafanye kazi zao kama kawaida. Ni tangu Ijumaa.”

“Ijumaa ipi?”

“Hii ya juzi, bwana. Ilitolewa pamoja na ile ya kufuta pima. Jana nilikabidhiwa moja, leo nyingine.”

Karani alimtazama Anselm, na Anselm alimtazama karani. Amri ni amri, na mpiga mbiu hachagui. Akapuliza pembe mara ya pili, akatangaza neno kwa neno, mbele ya Wenceslaus na nduguze na wapwa zake wote, kwamba tangu Ijumaa nyumba iliyofiwa haifungwi, na watu wake wako huru kwenda popote. Yaani wangeweza kumlilia Bibi Pelagia asubuhi kwa sauti, wakanawa nyuso, na mchana wakaenda kupiga kura. Na pembe ingeendelea kulala chini, lakini kila mtu angejua sababu, na wale wa nyuma ya ukuta wangeitwa mmoja mmoja kwa majina.

Safari hii hakuna aliyecheka. Wenceslaus alivua koti. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona bila hilo koti, na wengi walishangaa jinsi alivyokuwa mwembamba.

Pembe ilibaki kwa Anselm. Abasi akawa mwanangwa, wala hakuwa mbaya. Aliweka redio dirishani ili hata walioshindwa wasikie. Mafua yalipungua mvua zilipokolea, amri ya mwisho ikazifuta zote zilizotangulia, na mikono ikashikwa tena mpaka ikachoka. Wanywaji hawakumtania tena Anselm kuhusu mbiu yake. Alipopuliza, watu waliacha majembe wakasikiliza, kama enzi za babu yake, na hakuna aliyesubiri redio imhakikishie.

Ila jambo moja lilibadilika, na alilitambua taratibu. Hakuna aliyemjia tena alfajiri. Mtu alipofariki, habari zilimfikia baada ya kaburi kufukiwa, na saa ya kukata roho ilikuwa imeshakubaliwa nyumbani kwa wafiwa, imekunjwa vizuri kama nguo ya Jumapili. Yeye aliitangaza kama alivyopewa. Kijiji kizima kilijua kwamba Anselm Luhende hasemi uongo, kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa mwangalifu na kile alichoambiwa. Vilabuni alipoketi, mazungumzo yaligeukia hali ya mihogo.

Imakulata hakukanyaga uwanja wa kaka yake mpaka karanga zilipong'olewa. Alikuja mchana mmoja bila hodi, akavuta kigoda, akaketi karibu na Getruda, akaanza kupukuchua naye.

“Hujambo, kaka?”

“Sijambo, dada. Wa nyumbani hawajambo?”

“Mwenzangu hajisikii vizuri.”

“Pole. Anaumwa nini? Tangu lini?”

Imakulata aliacha mikono. “Sisemi,” alisema, si kwa ukali. “Kwako mtu akisema, imesemwa.”

Anselm naye akavuta kigoda, akachota karanga. Getruda akamsogezea ungo. Walipukuchua wote watatu mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye ghala, wakazungumza kuhusu panya, na bei ya chumvi, na binti wa jirani aliyeposwa Goweko. Kisha Imakulata akajifunga khanga, na Anselm akamsindikiza hadi njia panda, wakitembea bega kwa bega, na njia nzima hakumwuliza tena.